Nyaya Mbili za Rangi ya Chungwa

Asger Mølbak alirudi kazini tarehe mosi Agosti akiwa na maneno matatu tu kinywani: "ndiyo", "sawa" na "Jumanne". Kiharusi cha Februari kilizoa mengine yote kikamwachia hayo, na ukiniuliza kwa nini Jumanne, sina jibu, na daktari wake pia hana. Ukimuuliza habari za nyumbani, Jumanne. Ukimmwagia kahawa ya moto mapajani, Jumanne pia, ila kwa sauti nyingine kabisa.

Regitze Thorup alikuwa akimngoja mlangoni tangu asubuhi. Alikuwa mhandisi wa vipimo kwenye jumba lile la majaribio kando ya ghuba ya Limfjord, mwanamke wa miaka arobaini na moja, na kila alichokijua kuhusu kazi hiyo alifundishwa na Asger. Miaka kumi na saba meza zao zilitazamana. Alikuwa amejiapiza hatalia. Lakini Asger aliposhuka garini akiburuta mguu wa kulia, na mkewe Inge-Merete akamvisha begi begani kama anayempeleka mtoto shule, Regitze alilia palepale kwenye maegesho. Asger akampigapiga bega kwa mkono wa kushoto. "Sawa," akamwambia. "Sawa, sawa."

Sasa, manispaa ya kule haikuachii hivihivi. Ukiugua ukapona nusu, wanakupa wiki kumi na tatu za kazi ya majaribio, saa tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki, na mmoja wa wenzako anateuliwa kukuangalia na kuandika anachokiona. Wiki zikiisha mnakaa kikao. Karatasi ikisema unaweza, unapata kazi nyepesi ya saa chache na manispaa inachangia mshahara. Ikisema huwezi, unapewa pensheni ukiwa na miaka yako hamsini na sita, unakwenda kukaa dirishani kutazama ua wa jirani. Asger hakuutaka ua wa jirani. Alitaka kazi yake, na hilo halikuhitaji maneno, ulimtazama tu ukaliona. Mwangalizi wake alikuwa Regitze, na nafasi hiyo aliiomba mwenyewe kwa Frode Hyldgaard, mkuu wa jumba.

"Regitze, mtu hawezi hata kutaja jina lake," Frode alimwambia siku hiyo.

"Kazi yenyewe haitaki kutaja jina. Inataka kuchora."

"Na mkono wa kulia je?"

"Anao wa kushoto. Wewe unayo yote miwili, na michoro yako tunaijua."

Frode alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. "Haya, mlete. Ila akiharibu kitu mle ndani, dada, tutakaa tulie mimi na wewe."

Regitze hakuwa akipiga porojo. Programu za jumba lile haziandikwi, zinachorwa. Kila kazi ina kisanduku chake kwenye skrini: hiki kinapokea kipimo, hiki kinalinganisha, hiki kinaamua kusimamisha mashine. Visanduku vinaunganishwa kwa nyaya, na namba zinapita humo kutoka kushoto kwenda kulia. Kisanduku hakigusi kitu mpaka vyote kinavyovingoja vimefika. Vikishafika, kinafanya kazi yake na kupitisha jibu mbele. Waya wa rangi ya chungwa umebeba namba zenye desimali, wa kijani umebeba ndiyo au hapana, wa waridi umebeba maneno. Aliyezoea anautazama mchoro na kujua kinachoendelea, kama fundi bomba anavyoyatazama mabomba ya nyumba.

Na kwa michoro hiyo ndiyo wanatikisa mabawa. Bawa la mtambo wa kufua umeme kwa upepo, mita sitini na kitu, linafungwa ukutani kwa shina lake, kisha mashine inalitikisa miezi kadhaa bila kupumzika, mara milioni na milioni, juu na chini kwanza, halafu ubavu kwa ubavu, ili ijulikane kama litaihimili miaka ishirini na tano ya upepo wa Bahari ya Kaskazini. Vihisi vilivyobandikwa mwilini mwake vinasema linajikunja kiasi gani. Programu ndiyo inayoamua litikiswe zaidi, lipunguziwe, au lisimamishwe.

Siku ile ya kwanza Asger aliketi mezani pake, akavuta kipanya cha kompyuta upande wa kushoto, akafungua mchoro ambao Regitze aliufanya yeye akiwa hospitali. Akautazama wote. Nyaya za Regitze, tuseme ukweli, zilikuwa zimetambaa kila upande, nyingine zikipita nyuma ya visanduku, nyingine zikirudi kinyumenyume kutoka kulia. Asger akashusha pumzi. "Jumanne," akasema, kwa sauti ile ya mtu aliyeazimisha jiko lake akalikuta na masufuria machafu.

"Niliharakishwa," Regitze akajitetea. "Ulikuwa umelala hospitali unalishwa supu, nani angenisaidia?"

Ilipofika saa sita mchoro ule ulikuwa umenyooka. Kila waya ulikwenda ulikokwenda bila kuukata mwenzake. Na si usafi tu: alikuta mahali ambapo hitilafu ikitokea haina pa kupita, inapotea kimyakimya, akaivutia waya wake mpaka mwisho. Regitze alikuwa ameutazama mchoro huo miezi mitano asione hilo. Alikwenda chooni akafunga mlango akacheka peke yake, kisha akaandika kwenye karatasi ya manispaa, wiki ya kwanza, kwa herufi kubwa: ANAWEZA.

Akaendelea kuandika hivyo wiki baada ya wiki. Ijumaa, ilipofika zamu ya Asger kuleta mikate ya asubuhi, alileta ya jibini na ile myeusi yenye mbegu, akaipanga kama zamani, na vijana wa mitambo wakamtania kwamba amekuwa msikivu sana siku hizi, habishani na mtu. Alicheka mpaka machozi. Jambo moja tu Regitze aliliona akalipuuza. Asger alizikwepa nyaya za waridi. Palipotakiwa ujumbe wa kuonyeshwa kwenye skrini, au jina la faili, alipaacha wazi na kumwashiria Regitze aje amalizie. Regitze alimalizia. Alidhani ni uchovu, au ni ukubwa. Hata zamani Asger alikuwa akimsukumia kazi za kuchosha.

Katikati ya Septemba mteja mmoja alileta bawa lake na masharti yake. Alitaka kila upande wa kutikisa uwe na mlinzi wake ndani ya programu. Bawa likijikunja kupita kipimo cha mia tatu kwa juu na chini, mashine izime. Likipita mia na themanini kwa ubavu, izime. Ubavuni bawa ni dhaifu zaidi, ndiyo maana namba yake ni ndogo.

Regitze alitengeneza kisanduku cha kusoma masharti hayo kutoka kwenye orodha ya mteja. Kisanduku kilitoa nyaya mbili, zote za rangi ya chungwa, mmoja juu, mmoja chini. Kwa miaka yote jumba lile liliweka mlinzi wa juu-na-chini kwenye nafasi ya kwanza, ile ya juu ya skrini, na wa ubavu kwenye ya pili. Orodha ya mteja ilianza na ubavu. Regitze akafuata orodha, na kwa kuwa alijua ni kinyume cha mazoea, aliandika kando ya kila waya, kwa herufi nene, UBAVU, JUU-CHINI. Mwenye macho asingekosea. Kisha akamkabidhi Asger sehemu iliyobaki, ile ya kuunganisha masharti na walinzi, kwa sababu ilikuwa sehemu tamu na alitaka aifanye yeye.

Asger aliifanya kwa siku mbili. Ilipendeza mno.

Pale wana desturi. Anayechora hawashi. Mwingine anakaa, anaukagua mchoro, anautia sahihi kwenye daftari, ndipo bawa linatikiswa. Juu ya skrini kuna kitaa kidogo, na ukikiwasha programu inakwenda polepole, unaona kila namba ikipita kwenye waya wake, kisanduku kwa kisanduku, mpaka mwisho. Hivyo ndivyo wanavyokagua, na anayekagua hasemi na mtu wakati huo. Asger ndiye aliyeianzisha desturi hiyo.

Lakini siku ile Regitze alifanya kosa. Alimwita Frode. Alitaka aone kwa macho yake. Akawasha kitaa, namba zikaanza kutembea, mia na themanini juu, mia tatu chini, zote zikitiririka zikiwa zimenyooka kwenda kwa walinzi, na Regitze hakuwa akizitazama. Alikuwa akimtazama Frode usoni.

"Unaona?" akamwambia. "Huyu ndiye uliyesema hawezi kutaja jina."

"Safi," Frode akasema. "Safi kabisa, mzee Asger. Nimenyamaza."

"Ndiyo," akasema Asger, amefurahi.

Regitze akatia sahihi.

Wiki mbili zilipita bawa likitikiswa juu na chini bila kufikia hata mia na themanini, na hakuna aliyejua lolote. Kisha wakahamia ubavuni. Jumamosi ya wiki hiyo baridi ilishuka ghafla, na bawa likipata baridi tabia yake inabadilika kidogo. Mashine ikawa inalisukuma zaidi na zaidi kutafuta mwendo wake. Mlinzi wa ubavu alipaswa kuizima ilipofika mia na themanini. Mlinzi wa ubavu alikuwa ameambiwa mia tatu. Jumapili, saa nne asubuhi, simu ya Regitze ilipokea ujumbe kwamba mashine imesimama. Alipofika alikuta bawa limepasuka karibu na shina, ufa wa kuingiza mkono, na kihisi kimoja kimekatika. Kukatika kwake ndiko kulikoizima mashine. Hakuumia mtu, maana Jumapili jumba halina mtu. Ila miezi mitatu aliyoipanga mteja ilikuwa imekufa.

Alifungua mchoro hata koti hajavua. Haikumchukua dakika tano. Waya wa juu ulikwenda kwa mlinzi wa juu, wa chini kwa mlinzi wa chini, jinsi jumba lile lilivyofanya siku zote, na kando ya kila waya maandishi yake mwenyewe, manene, yanayomwambia yeyote ajuaye kusoma kwamba safari hii ni kinyume. Regitze aliyatazama maandishi yale, akazikumbuka nyaya za waridi.

Jumatatu alinunua keki ya lozi, ile Asger aliyokuwa akiificha wenzake wasimmalizie, akaiweka kwenye friji ya jikoni. Kisha akaandika kwenye kikaratasi: "Nimekuletea keki ya lozi, iko kwenye friji, ni yako yote." Akampa bila kusema kitu. Asger alikipokea. Macho yake yalikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, taratibu. Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo," akasema, akakikunja vizuri, akakitia mfuko wa shati, akarudi kwenye kazi yake. Saa sita Inge-Merete alikuja kumchukua wakaondoka. Keki ilikuwa bado kwenye friji.

Regitze alipiga simu nyumbani kwao jioni hiyo. "Inge-Merete, niambie ukweli. Asger anasoma?"

"Gazeti ananipa mimi nimsomee," Inge-Merete akasema. "Nilifikiri anadeka. Nilifikiri amechoka macho." Kisha akauliza, "Regitze, kuna nini? Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu," akasema Regitze. "Nimeuliza tu."

Kwa hiyo alikuwa akisoma rangi, na mahali kitu kilipo, na umbo lake, na kwa hayo matatu alikuwa bora kuliko wote mle ndani. Maandishi kwake yalikuwa michirizi tu. Alilificha hilo kwa wiki tisa, kwa kutikisa kichwa na kukunja vikaratasi, kwa sababu alijua likijulikana amekwisha. Regitze hakumkasirikia. Alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu aliona nyaya za waridi zikiachwa wazi akadhani ni uchovu.

Na papo hapo akaamua. Kompyuta ya mashine, watu wote wanaiingia kwa jina moja, hakuna anayeweza kujua nani alivuta waya gani. Jumanne asubuhi aliingia ofisini kwa Frode.

"Ni mimi," akasema. "Asger alipomaliza, nilibadilisha kidogo mwishoni. Nikazichanganya nyaya mbili."

Frode safari hii hakucheka. "Wewe? Na maandishi yako mwenyewe yapo hapo?"

"Mimi."

"Regitze, mteja anataka kutukata vichwa. Itabidi nikupe onyo la maandishi. Na kwenye mashine nakuondoa mpaka mwaka mpya."

"Sawa," akasema Regitze, akatoka. Moyoni alihisi wepesi, na hakuona haya kuuhisi.

Alikuwa ameshausahihisha mchoro Jumapili ileile. Ili kila namba iende kwa mlinzi wake, ilibidi nyaya zile mbili zikatane, mmoja upite juu ya mwingine. Asger alipofika Jumanne hiyo na kuufungua kwa mara ya kwanza tangu bawa lipasuke, aliliona hilo kabla hajakaa sawasawa. Asger hakupenda nyaya zinazokatana, na Regitze asingezikatisha kwenye mchoro wake bila sababu. Aliwasha kitaa. Akazitazama namba zikipishana, mia na themanini ikishuka, mia tatu ikipanda. Akainua macho kulitazama bawa kupitia kioo, lenye ufa na kanda nyekundu kulizunguka. Kisha akamtazama Regitze.

"Nimepanga upya tu," Regitze akamwambia. "Usijali. Endelea na lako."

Asger alikisogeza kipanya kando. Siku ile hakukigusa tena.

Kikao kilikuwa Alhamisi ya mwisho wa Oktoba, saa nne, kwenye chumba kidogo chenye skrini kubwa ukutani. Frode aliwasha mshumaa mezani, kama ilivyo desturi yao, akaleta kahawa na mikate ya mdalasini. Kutoka manispaa alikuja Dorthe Villadsen, mama mpole mwenye miwani kwenye kamba, na faili lake. Inge-Merete hakuingia, alisema moyo wake haumruhusu, atangoja garini. Asger alikuwa amevaa shati alilovaa siku ya harusi ya binti yake.

Regitze alisoma ripoti yake. Aliisoma vizuri, kurasa nne, wiki kwa wiki. Alisema mambo yote mazuri na yote yalikuwa kweli. Dorthe aliandika, akatabasamu, akamgeukia Frode.

"Na wewe kama mwajiri? Mtamchukua?"

"Tutamchukua," Frode akasema. "Saa kumi na mbili kwa wiki, tuanzie hapo. Sitadanganya, mwanzo nilikuwa na wasiwasi."

Asger alikuwa akimtazama kila anayesema, na kila neno aliliingiza. Kusikia hakukuwa tatizo lake. Chini ya meza Regitze alimshika mkono. Walikuwa wameshinda.

"Nasikia mlipata ajali hapa mwezi huu," Dorthe akasema, akigeuza karatasi. "Ilimhusu Asger kwa namna yoyote?"

"Hapana, hapana," akajibu Frode. "Ilikuwa ya Regitze. Ameshapewa onyo na ameondolewa kwenye mashine kwa sasa. Miaka kumi na saba bila doa, halafu hili. Inauma, lakini ndivyo ilivyo."

Asger akauachia mkono wa Regitze.

Alisimama, akajishika kwenye kiti, akauburuta mguu mpaka kwenye kompyuta ya ukutani. "Asger, unataka nini?" Regitze akamuuliza, na akilini alishajua. "Kaa, tumemaliza." Asger alifungua mchoro. Mbele ya wote ukatokea ukutani, mkubwa, na nyaya zile mbili za rangi ya chungwa katikati zikikatana. Kwa mkono wa kushoto, polepole, akazifuta zote mbili. Kisha akazivuta upya jinsi zilivyokuwa, juu kwa juu, chini kwa chini, zimenyooka. Akawasha kitaa. Namba zikaanza kutembea, na mia tatu ikaenda ikatulia kwa mlinzi wa ubavu. Akaweka kidole hapo. Halafu akaweka kiganja kifuani pake.

"Ndiyo," akasema.

"Amechanganyikiwa," Regitze akasema haraka. "Dorthe, usiandike hilo, hajui anachofanya, ni ugonjwa tu."

Asger aligeuka akamtazama, na Regitze akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Kwa wiki kumi na tatu aliwagombeza watu wasiseme maneno hayo. Na mtu wa kwanza kuyasema chumbani humo alikuwa yeye.

Asger hakuwa amemaliza. Alilifunika neno UBAVU kwa kidole gumba, akalifunua, akalifunika, akalifunua, akainua mabega. Kwake ilikuwa mamoja, liwepo lisiwepo. Kisha akamnyooshea Regitze mkono na kutikisa kichwa kukataa, mara mbili, akimtazama Frode machoni mpaka Frode akaitikia kwa kichwa.

"Regitze," Dorthe akasema taratibu. "Ni wewe au ni yeye?"

"Ni yeye aliyevuta," Regitze akasema. Alikuwa akilia na hakujificha. "Ni mimi niliyekagua. Sikutazama. Nilikuwa najionyesha."

Frode alivua miwani akajifuta uso mzima. "Asger, ndugu yangu," akasema. "Mtu asiyesoma siwezi kumweka kwenye mashine ile. Leo ni bawa. Kesho kuna kijana amesimama chini yake. Unajua siwezi."

"Ndiyo," akasema Asger. Na alijua kweli, kuliko wote.

Dorthe aliandika muda mrefu. Aliandika kwa huruma, sina la kumlaumu, lakini karatasi yenyewe ina visanduku vyake na kila kisanduku kinataka neno. Alipomaliza aliigeuza, akaonyesha mahali pa sahihi ya mwangalizi na mahali pa sahihi ya mhusika. Regitze akatia yake bila kuitazama, akamsogezea Asger.

Asger hakuchukua kalamu. Aliirudisha karatasi kwa Regitze, akagonga mstari wa kwanza kwa kidole, akangoja. Sasa kwa kuwa wote wanajua, hakuwa na haja ya kujifanya anasoma. Alitaka asomewe.

Regitze alisoma. Jina, umri, ugonjwa, idadi ya wiki. Mguu wa kulia, dhaifu. Mkono wa kulia, dhaifu sana. Kusoma, hawezi. Akafika kwenye mstari wa chini, akauona. Angeweza kuuruka. Angeweza kusema chochote pale, neno lolote zuri, na Asger asingejua, na Dorthe na Frode wasingemsuta. Alimtazama Asger aliyekuwa akingoja, kichwa amekiinamisha kidogo, akisikiliza.

"Kujieleza mbele ya wengine," Regitze akasoma. "Hawezi."

Asger alifikiri kidogo. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akatia sahihi, na Frode akamsaidia kuvaa koti.